Asilale Kwenye Barafu

Bibi alikuwa na njaa, na Bibi akiwa na njaa alinuka. Melina Luvanda alifunua pipa, akageuzia uso pembeni kama kila asubuhi, akamimina ndoo ya maganda ya viazi na majani yaliyopondwa. Uji mweusi ukafuka mvuke. Akachukua mwiko mrefu akaanza kukoroga polepole, kwa sababu bega lake la kulia lilikuwa limechoka kabla hata ya yeye mwenyewe kuamka.

Bibi hakuwa mtu. Alikuwa chachu, vijidudu visivyohesabika vilivyotengenezwa maabara na kuletwa huku kaskazini ya mbali, kwenye rasi ya barafu, ndani ya pipa la chuma. Watu wa Ukinga Mpya waliiita chachu hiyo Bibi kwa kuwa ilinung'unika pipani mchana kutwa, ilichagua chakula, na kila mtu kijijini aliishi kwa joto lake.

Hata kuita saa hizo asubuhi ilikuwa heshima tu. Jua halikuwa limezama tangu theluji ilipoyeyuka. Siku hizi ndiyo kwanza lilianza kugusa bahari na kuibuka tena, bila kumpa mtu giza la kulalia. Watu walitundika mablanketi madirishani na bado walilala macho. Wote walikuwa wamechoka uchovu wa namna moja, na walishaacha kuuzungumzia.

Melina alifunika pipa, akaingia banda la kwanza. Mlangoni palikuwa na beseni la chokaa, brashi, na gambuti za ndani zisizotoka nje. Akabadili. Akapiga magoti kwenye tuta na kuzamisha mkono hadi kiwikoni. Udongo ulikuwa na joto zuri, na viazi vilikuwa bado vidogo, vingi vikiwa saizi ya gololi.

Ardhi ya rasi ile ilikuwa imeganda tangu kabla ya watu, na ndani yake mlikuwa na mboji ya kale, majani ya enzi na enzi yaliyokufa yasioze. Chachu ilikula mboji hiyo na kutoa joto. Kwa hiyo walichimba vitanda vya kupandia, wakavitandika mpira mnene chini na pembeni, wakajaza mboji, wakanyunyiza uji wa Bibi, wakafunika juu kwa nailoni. Kazi kubwa ilikuwa ya ule mpira. Ndani yake chachu ilikuwa shamba. Ikitoka nje, nchi nzima ingekuwa chakula chake, na kila inapokula, barafu inayoshikilia ardhi ingeyeyuka.

Ndiyo maana palikuwa na chokaa kila mlango, na ndiyo maana Melina, mtunza chachu, alikuwa mkali. Wenzake walimwita Mama Chokaa, wakidhani hajui. Shingoni alivaa kichupa cha chuma kwenye uzi wa ngozi. Ndani yake mlikuwa na dawa, kirusi kinachokula chachu tu. Kikishamwagwa kinaifuata popote ilipo na kukaa udongoni miaka mingi kikiisubiri irudi. Kichupa hakikuwahi kupata joto la kifua chake hata siku moja.

Ukinga Mpya ilianzishwa baada ya matuta ya kwao Makete kuwa na joto hadi viazi vikaanza kuozea ardhini. Mamlaka ya Makazi Mapya ilitafuta watu waliozoea umande wa barafu na mashamba ya milimani, ikawapata. Waliambiwa baridi ya huku ni ile ile ya kwao, imezidi kidogo tu. Aliyesema hivyo hakuja.

"Kamwene," sauti ilisema nje ya nailoni.

Alikuwa Hadne, mama wa Kinenets, kabila la wenyeji wa rasi, mfugaji wa reinda, wale kulungu wa nchi ya baridi. Kila kiangazi alibadilishana nao nyama kwa viazi, na kwa kubadilishana huko alikuwa amejifunza Kiswahili cha kumtosha, pamoja na hiyo salamu ya kwao Njombe.

"Kamwene, Mama Hadne. Karibu, lakini usiingie na viatu."

"Siingii. Wewe toka. Reinda wangu amezama."

"Amezama wapi? Ziwani?"

"Hapana. Ardhini," alisema Hadne. "Chini ya makaburi yenu."

*

Makaburi ya Ukinga Mpya yalikuwa mtelemkoni, mbali na mabanda, mahali penye upepo ambapo hakuna aliyetaka kujenga. Bondeni, chini yake kabisa, zilikuwepo nyumba za baridi za ukoo wa Hadne, mbao zilizosimikwa kwenye ardhi iliyoganda. Zilikuwa tupu sasa. Ukoo ulikuwa malishoni na ungerudi kabla bahari haijaganda.

Hadne alikuwa ameshamchinja yule mnyama. Miguu yake ya mbele ilikuwa bado imekwama kwenye tope hadi magotini.

"Mama yangu alipita hapa," alisema. "Bibi yangu alipita hapa na sleji, reinda wanavuta. Hapa ni pagumu siku zote. Sasa angalia."

Melina aliangalia. Misalaba mitatu ya juu ilikuwa imelala upande. Nyasi zilikuwa za kijani kuzidi nyasi nyingine zote za mtelemko. Alichomeka kipimajoto, akakisoma, kisha akakichomoa na kuweka kiganja chake, kwa sababu hakukiamini kile chombo. Lilikuwa joto la kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi. Harufu ilipompanda puani, hakuhitaji kipimo tena. Haikuwa ile ya njaa; Bibi alikuwa hapa, na alikuwa ameshiba.

"Ni ile kitu yako?" aliuliza Hadne.

"Ndiyo hiyo."

"Imetoka vipi?"

Melina alikuwa akitembea kutoka kaburi hadi kaburi, akiinama na kugusa, na kila alipogusa alizidi kuelewa.

Kijijini kwao milimani, mtu alipozikwa, udongo wa kwanza kumwangukia ulikuwa wa shamba alilolima mwenyewe. Waliuleta ndugu zake kwenye ungo. Huku, makaburi yalichimbwa kwa moto na sururu, na kilichotoka shimoni hakikuwa udongo, yalikuwa mapande meusi ya barafu. Msiba wa kwanza ulipotokea, wazee walimwendea Melina kuomba ungo mmoja wa udongo wa bandani. Asilale kwenye barafu, walisema. Melina alikataa. Alieleza kuhusu chachu, mboji na mpira, nao wakaitikia kwa adabu sana. Alipaswa kuishuku ile adabu.

Akafika kwenye kaburi la mumewe.

Siku ya kumzika Zebedayo, mdogo wa marehemu, Onesmo, alikuja mlangoni pa banda na ungo mikononi, akilia. Melina alisimama mbele ya beseni la chokaa na hakumpisha. Angempisha vipi, aliyewakatalia wengine wote? Zebedayo akafunikwa kwa mapande ya barafu. Yalivyogonga jeneza! Mlio ule ulikuwa haujamtoka masikioni. Misimu yote ya baridi tangu hapo, alipojifunika mablanketi, alikuwa akimfikiria Zebedayo kule mtelemkoni na kujiona mchawi.

Akaweka kiganja juu ya kaburi. Lilikuwa na joto.

Furaha ndiyo iliyotangulia. Aliionea aibu baadaye, lakini ndiyo iliyotangulia. Alikaa chini pale pale, na mikono yote miwili akaizamisha kwenye udongo laini, akalia mbele ya mgeni.

Hadne alisubiri. Alipoona imetosha, alielekeza kidevu chake bondeni, kwenye nyumba.

"Mvua ikija," alisema, "huu mtelemko unakwenda wapi?"

*

Wanakijiji walikutana kanisani, ambamo pia ndimo walimohifadhi mbegu. Onesmo Luvanda alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na siku hizi aliisahau sauti hiyo katikati ya sentensi kama wote walivyosahau vitu.

Melina aliwaambia bila kuzunguka. Chachu iko makaburini. Hajauliza nani alipeleka udongo, wala hatauliza, maana makaburi yote yana joto na hakuna familia ambayo haina mtu kule. Benchi zima la mbele likatazama sakafu.

"Tulichukua kidogo tu," alisema Mama Tweve, aliyezika mtoto mchanga. "Mimi nilibeba kwenye kilemba. Kilikuwa kiganja kimoja, Mama. Kingetosha kufanya nini?"

"Kimoja kinatosha," alisema Melina. "Inakula na kuongezeka. Sasa imeshuka chini kuliko majeneza, inaelekea bondeni. Mvua za mwisho wa kiangazi zikinyesha, mtelemko utakwenda wote na kufunika nyumba za akina Mama Hadne. Wakiwa wamerudi, utawafunika na wao."

"Na dawa?"

"Dawa ninayo."

"Basi imwage makaburini," alisema Onesmo.

"Shemeji, haikai makaburini. Inafuata chachu. Ndege watakaochimbua pale, gambuti zetu, maji, vyote vitaileta kwenye mabanda. Ndani ya siku chache matuta yatapoa. Na hatutaweza kupanda tena kwenye udongo huu, labda watoto wetu wakizeeka."

Nje, jua lilikuwa likizunguka ukingoni mwa bahari, na mwanga wake uliingia ubavuni ukawapiga wote machoni.

"Tusubiri kuvuna," alisema Onesmo hatimaye. "Viazi vikomae, tuvitoe, ndipo umwage. Tutakuwa na chakula cha msimu wa baridi."

"Vikikomaa, mvua itakuwa imeshanyesha."

"Basi waambie wahame. Wale ni watu wa kuhamahama, shemeji. Nyumba kwao ni kitu gani?"

Watu waliguna kukubaliana naye. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wamechoka, na hilo lilikuwa jibu la kwanza lililowaruhusu kwenda kulala.

"Sisi tulipoambiwa tuhame Makete," alisema Melina, "walisema maneno hayo hayo. Kwamba Wakinga ni watu wa kutafuta maisha popote. Mlifurahi?"

Lakini mikono ilipoinuliwa, wengi walitaka kusubiri. Waliitafuta Mamlaka kwenye redio, nayo ikajibu upesi kuliko ilivyowahi kujibu: katika suala la dawa, uamuzi ni wa mtunza peke yake. Mambo mazuri yote Mamlaka ilikuwa imeyaamua yenyewe.

Melina aliondoka kanisani na kichupa chake kifuani. Kama angemwaga, angewanyang'anya chakula watu aliokuja nao meli moja, waliomlilia mumewe, wakati wamekataa kwa mikono yao wenyewe. Asipomwaga, angewafukia kwa tope watu ambao hawakuwa na mwaliko kwenye kikao kile. Na kulikuwa na jambo la tatu, ambalo hakumwambia mtu. Hakutaka Zebedayo apoe.

*

Hakulala. Wengine nao hawakulala, lakini wao walijaribu. Alikaa kando ya Bibi, akimkoroga bila sababu, kisha akavaa koti na kushuka mtelemkoni.

Onesmo alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kaburi la kaka yake, gambuti zimewekwa kando, nyayo zake tupu zimezama udongoni. Hakuinuka.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nimekuja kukuzuia."

"Umevua viatu ili unizuie?"

Karibu acheke. "Miguu inauma, shemeji. Pale kijijini hakuna mahali penye ardhi ya joto usipopita kwanza kwenye chokaa."

Melina akakaa upande wa pili wa kaburi. Kwa muda walikaa hivyo, kama watu wanaoota moto.

"Ni wewe uliyemletea," alisema Melina.

"Ni mimi. Ulipokwenda kulala, nilipitia nyuma ya banda, nikapasua nailoni, nikajaza udongo kwenye joho la kwaya. Nililifunga mikono kama gunia." Alijifuta pua. "Nilikuchukia sana siku ile. Mke gani huyu, nilisema, anamlaza mume wake kwenye barafu kwa ajili ya sheria."

"Hata mimi nilisema hivyo."

"Unanidai nini sasa?"

"Sidai. Nilipogusa hapa nilishukuru Mungu. Ndiyo shida yangu."

Onesmo aliinua mkono, akaelekeza mwanzo wa safu ya makaburi. Melina alihesabu misalaba kwa macho, na akajua ni upi haupo kabla hajaambiwa. Ulikuwa wa mama mkwe wake.

"Umeshuka wakati tuko kanisani," alisema Onesmo. "Nimeutafuta kwa ufito. Ufito wote unaingia, haugusi kitu." Sauti yake ya kwaya ilikuwa imebaki kidogo mno. "Nimekaa hapa nikafikiria. Mtelemko hautakwenda peke yake. Utakwenda na mama. Utakwenda na Zebedayo. Akina Mama Hadne watarudi na kukuta wafu wetu milangoni pao. Nami nilisema wahame."

"Ulisema."

"Kijiji hakitakusamehe."

"Najua."

"Mimi nitasema nilikukubalia. Lawama tutagawana." Akavuta gambuti moja, akaitazama, akaiweka tena chini. "Lakini ngoja kidogo. Miguu ipate joto."

Wakangoja. Melina alilala ubavu juu ya kaburi la mumewe, shavu kwenye udongo, na kwa mara ya kwanza tangu theluji iyeyuke alilala usingizi wa kweli. Onesmo hakumwamsha. Aliamka mwenyewe, akiwa na uchafu shavuni, jua likiwa upande mwingine kabisa. Shemeji yake alikuwa bado amekaa pale pale.

"Alikuwa anakoroma," alisema Melina. "Zebedayo. Unakumbuka?"

"Nyumba nzima ilikumbuka."

Melina alivua uzi shingoni. Mfuniko wa kichupa ulikuwa mgumu, ikabidi ampe Onesmo aufungue. Dawa ilikuwa majimaji meupe yasiyo na harufu, ambayo yangejaa kijiko tu. Alianza na Zebedayo. Hakutaka kuanza na mtu wa mwingine.

Walibakiza matone machache. Hayo aliyapeleka bandani, akafunua pipa na kuyadondosha kwenye uji, kwa sababu alijifahamu, na alijua siku ya njaa angeweza kushawishika kujaribu tena. Bibi alinung'unika hadi jioni. Kisha akanyamaza, na banda lile likawa banda la pipa tu.

*

Onesmo alipiga kengele ya kanisa, akasema mbele ya wote kwamba walifanya wawili. Mama Tweve alimtemea Melina mate miguuni. Halafu akaenda kuchukua jembe lake, kwa sababu matuta yalikuwa bado na joto na viazi vilikuwa ndani.

Walichimba wakiwa hawasemi. Hakuna aliyebadili gambuti, na mabeseni ya chokaa yalipigwa teke yakaachwa hapo. Vilitoka viazi vidogo, vya kuchemshwa na maganda yake, magunia machache kuliko walivyoomba Mungu. Kila walipofika tuta jipya lilikuwa limepoa kuliko lililotangulia. Kwenye banda la mwisho majembe yaligonga kigumu, na mlio ule Melina aliujua.

Nusu ya watu walisema watapanda meli ya mwisho kabla bahari haijafunga. Wengine hawakusema. Mama Tweve alikuwa kwenye nusu ya wasiosema. Mtoto wake alikuwa huku.

Mvua zilikuja, nzito, zikapita. Mtelemko ulitoa machozi ya tope pembeni, lakini ulisimama. Kisha asubuhi moja nyasi za makaburini zilikuwa zimekufa zote kwa pamoja, na umande wa barafu umezifunika. Melina alishuka peke yake. Aliweka kiganja juu ya kaburi, na baridi ilipanda hadi begani, kwenye bega lile lile la mwiko. Akakiacha hapo hapo kwa ukaidi, kana kwamba angeweza kulipasha yeye.

Ukoo wa Hadne ulikuwa umerudi. Moshi ulitoka kwenye nyumba za bondeni, na mbwa walibweka. Hadne alipanda mtelemko taratibu, akipumzika kila hatua kadhaa, akiwa na ngozi ya reinda begani.

"Kamwene."

"Kamwene, Mama Hadne."

"Mmebaki bila shamba."

"Tumebaki."

Hadne aliitua ngozi chini. Ilikuwa ya mnyama yule aliyezama. Melina aliiona alama ya miguu ya mbele, manyoya yaliyokatwa fupi pale tope liliposhika.

"Asante," alisema Melina. "Lakini mablanketi ninayo. Wape wenye watoto."

"Si ya kwako." Hadne alielekeza kidevu kwenye kaburi. "Sisi hatuchimbi. Watu wetu wanalala juu, kwenye sanduku, na upepo. Wanapata baridi, wanazoea. Lakini huyu wako ni wa nchi ya joto. Siku ile umelia sana."

Melina aliikunjua ngozi, akaitandaza juu ya kaburi kwa uangalifu, ngozi chini na manyoya juu, kama alivyoona wakifanya kwenye sleji, ili aketiye aketi pakavu.

Hadne alitikisa kichwa. Alipiga magoti, mifupa ikimlia, akaigeuza ngozi nzima.

"Manyoya chini," alisema. "Yamguse yeye."